Andika mbele, acha nafasi

Hapa chuoni tuna imani moja ambayo hata wasiosoma kompyuta wanayo: laptop ikizeeka, weka SSD. Fundi wa getini atakwambia hivyo, uliyepanga naye chumba atakwambia hivyo, na kwa kweli hawakudanganyi. Mashine uliyokuwa unaiwasha halafu unaenda kuoga, sasa inawaka kabla hujavuta kiti. Kinachosahaulika ni kwamba SSD haiandiki kama diski ya zamani. Haiwezi kuandika juu ya maandishi yaliyopo. Unaposevu ripoti yako mara ya ishirini, haifuti neno la zamani na kuweka jipya palepale. Inatafuta mahali pengine penye nafasi. Nafasi ikiisha, ndipo mambo yanapoanza.

Kuna mifumo ya mafaili iliyobuniwa kwa tabia hiyohiyo ya kutorudi nyuma. Inaitwa mifumo ya logi, na kwa diski za namna hii unaotajwa sana kwenye Linux ni F2FS. Nataka kueleza unavyofanya kazi, unasaidia wapi na gharama yake iko wapi. Naandika kwa sababu niliwahi kulazimika kuchagua kati yake na mfumo wa kawaida, na hela iliyokuwa mezani haikuwa yangu.

Ilikuwa hela ya wazazi. Ninasoma ualimu, Hisabati na TEHAMA, na kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilipangiwa sekondari moja ya kata kwa wiki nane. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine kumi na mbili za mezani, msaada wa miaka mingi nyuma. Diski ngumu za mashine saba zilikuwa zimekufa, na nyingine zilikuwa zinalia kama mlango wenye kutu. Wazazi walichangishana, zikanunuliwa SSD kumi na mbili za bei ya chini, kila moja GB 120. Mkuu wa shule alipomkabidhi mwalimu wa TEHAMA lile boksi, alisema wazi mbele ya kikao kwamba mchango mwingine wa namna hiyo tusiutegemee karibuni. Kidato cha Nne walikuwa na mtihani wa vitendo mwisho wa mwaka. Umeme ulikuwa unakatika mchana bila taarifa, na UPS zilizokuwepo zilishageuka kuwa stuli za kukalia.

Mwalimu wa TEHAMA alikuwa mtu mzima, amefundisha pale tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Tulipobaki wawili na lile boksi akaniambia, "Madam, nyie ndio mnatoka chuo. Tuwekee kitu kitakachodumu."

Ili kujua kitakachodumu, ilibidi kwanza tujue SSD inakufaje.

Chipu zilizomo ndani ni za flashi aina ya NAND. Alizibuni Fujio Masuoka akiwa Toshiba, miaka ya 1980. Zinahifadhi data kwa kunasa elektroni kwenye seli ndogo sana. Data huandikwa ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa mmoja kwa kawaida ni kilobaiti 4 hadi 16. Lakini haifutwi kwa ukurasa. Inafutwa kwa bloku, na bloku moja ina mamia ya kurasa.

Mwalimu yeyote ataelewa hapa. Chukua ubao ambao unaweza kuuandika mstari mmoja mmoja, ila dasta uliyopewa ina ukubwa wa ubao wote. Ukitaka kusahihisha mstari wa tatu, huwezi kuufuta peke yake. Ama unaandika sahihisho chini penye nafasi na kuwaambia wanafunzi wauache ule wa tatu, ama unanakili mistari yote mizuri kwenye ubao wa pili, halafu unaufuta wa kwanza wote.

Na kila kufuta kunaichosha chipu. Seli zinazobeba biti moja moja huhesabiwa kuvumilia kufutwa karibu mara 100,000. Zile zinazobeba biti tatu, ambazo ndizo zimejaa kwenye SSD za bei ya chini, zinavumilia elfu chache tu, na nyingine hata hazifiki huko. Kwa hiyo ndani ya kila SSD kuna kidhibiti, kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, chenye kazi ya kutunza ramani. Linux ikisema "andika namba 500", kidhibiti kinaandika popote penye nafasi na kujiwekea kumbukumbu kwamba namba 500 sasa iko pale. Kinahakikisha pia uchakavu unasambaa, isiwe bloku moja inafutwa kila saa huku nyingine imelala.

Sasa tuje kwenye mfumo wa mafaili, ule unaoamua jina la faili liko wapi na maneno yake yako wapi. Mfumo wa kawaida wa Linux, ext4, unafanya kazi kama rejista ya mahudhurio. Kila mwanafunzi ana mstari wake, na ukitaka kubadilisha taarifa yake unarudi kwenye mstari uleule. Kwa usalama, ext4 ina kijitabu cha pembeni ambamo inaandika kwanza mabadiliko inayotaka kufanya, ili umeme ukikatika katikati, ukirudi ijue iliishia wapi. Ni mfumo uliokomaa. Ulitangazwa kuwa imara mwaka 2008 na umetokana na ndugu zake wakubwa, ext2 na ext3.

Mfumo wa logi unafanya kazi kama daftari la mikopo la Mangi. Umekopa mchele leo, Mangi anaandika mstari mpya mwisho wa daftari. Kesho ukilipa nusu, hafuti chochote. Anaandika mstari mwingine mwishoni: fulani, baki kiasi hiki. Ule mstari wa jana umekufa, ila bado upo. Mwenye kutaka kujua deni lako anatafuta mstari wako wa mwisho. Ili asipekue daftari zima, Mangi anakuwa na karatasi inayosema fulani yuko ukurasa wa ngapi, na karatasi hiyo nayo inaandikwa upya kadiri mambo yanavyobadilika.

Wazo hili walilifanyia kazi Mendel Rosenblum na John Ousterhout kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaliweka ndani ya mfumo wa uendeshaji ulioitwa Sprite. Makala yao ilitoka mwaka 1991. Kinachonifurahisha ni kwamba shida yao haikuwa SSD hata kidogo. Walikuwa na diski za kuzunguka, zenye kichwa kinachokwenda na kurudi kutafuta mahali pa kuandika, na safari za kile kichwa ndizo zilizokuwa zinakula muda. Waliona RAM inazidi kuwa kubwa, kwa hiyo usomaji mwingi utahudumiwa na RAM na diski itabaki na kazi kubwa ya kuandika. Basi wakasema: tukusanye maandishi mengi, tuyaandike kwa mkupuo mmoja mfululizo, kichwa kisitangetange. Miaka ikapita, ikaja diski isiyo na kichwa wala kinachozunguka, na dawa yao ikaifaa kwa sababu tofauti kabisa: chipu hizi zinapenda kuandikwa mfululizo na haziwezi kuandikwa juu kwa juu.

Kuna faida ya pili, na hii ndiyo iliyonivutia kwa shule ile ya kukatikiwa umeme. Kwa kuwa mfumo haugusi nakala ya zamani wakati unaandika mpya, umeme ukikatika katikati ile ya zamani bado ipo nzima. Kila baada ya muda F2FS inaweka alama ya ukaguzi, yaani rekodi inayosema "hadi hapa kila kitu kiko sawa". Inatunza nakala mbili za alama hiyo kwa kupokezana, ili moja ikiharibika nyingine iwepo. Mashine ikiwaka, inarudi kwenye alama nzima ya mwisho, kisha inaokota kilichoandikwa baada yake pale ambapo programu iliagiza kiandikwe papo hapo. Lakini mtu asijidanganye: kilichokuwa bado kwenye RAM kimekwenda na umeme. Hakuna mfumo wa mafaili unaosevu kwa niaba ya mwanafunzi aliyeandika nusu saa bila kusevu.

Nilimweleza Mwalimu yote haya kwa mzuka. Akanisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Na daftari la Mangi likijaa?"

Hapo ndipo bei ya mfumo wa logi ilipo.

Daftari likijaa, Mangi anakaa jioni moja na daftari la zamani. Anapitia kurasa, madeni yaliyokwisha anayaacha, yaliyo hai anayanakili kwenye kurasa safi, kisha kurasa za zamani zinaenda kufungia karanga. Mfumo wa logi unafanya vilevile. Unagawa diski katika vipande vinavyoitwa segmenti. Kwenye F2FS segmenti moja ni megabaiti 2. Msafishaji anachagua segmenti yenye mistari mingi iliyokufa, anahamisha iliyo hai, na segmenti inakuwa huru tena.

Rosenblum na Ousterhout waliipigia hesabu kazi hii, na ni hesabu ambayo mtu wa Kidato cha Pili anaiweza. Tuseme sehemu iliyo hai kwenye segmenti ni u. Ili kuisafisha unaisoma yote, hiyo ni 1. Unaandika upya kilicho hai, hiyo ni u. Unapata nafasi ya 1 − u, unaijaza data mpya, hiyo ni 1 − u nyingine. Jumla ya kazi ni 1 + u + (1 − u), yaani 2, na ulichofaidi ni 1 − u tu. Kwa hiyo kila kipimo kimoja cha data mpya kinakugharimu 2/(1 − u). Ikiwa nusu ya segmenti iko hai, unalipa 4. Ikiwa 80% iko hai, unalipa 10. Ikifika 90%, unalipa 20.

Kwenye SSD kusoma hakuchoshi chipu kama kuandika, basi ukitoa kusoma inabaki 1/(1 − u). Kwa 50% unaandika mara 2 ili kuhifadhi kitu kimoja. Kwa 80%, mara 5. Kwa 90%, mara 10. Yaani diski yenye uhai wa miaka inaweza kutafunwa mara kumi zaidi ya unavyodhani, na wewe unachoona ni faili dogo la Word.

Kitu cha kushika hapa ni kwamba ile u ni ya segmenti inayosafishwa, wala si ya diski nzima. Ndiyo maana wajanja wanapigania mpangilio. Mangi mwenye akili hana daftari moja. La kwanza ni la vocha na mkate, madeni yanayolipwa ndani ya siku mbili. La pili ni la walimu, wanaosubiri mshahara. Ukurasa wa vocha wiki ikiisha umekufa wote, anauchana bila kunakili kitu. Ukurasa wa walimu hausumbuliwi kwa mwezi mzima. Angechanganya vocha na walimu kwenye ukurasa mmoja, kila akitaka kusafisha angekuta mwalimu mmoja yu hai, anakili tena.

F2FS imejengwa juu ya ujanja huo. Ilianzia Samsung, mwandishi wake mkuu akiwa Jaegeuk Kim, ikatangazwa mwaka 2012 na kuingia kwenye kerneli ya Linux toleo 3.8, Februari 2013. Badala ya logi moja, inatunza sita kwa wakati mmoja: tatu za data na tatu za taarifa zinazoelekeza data ilipo, zikigawanywa katika za moto, za vuguvugu na za baridi. Faili la muvi ni la baridi, likishaandikwa halibadiliki. Orodha ya folda ni ya moto, inabadilika kila saa. Nafasi ikibana sana, F2FS inaacha kung'ang'ania kuandika mfululizo na kuanza kuziba mashimo yaliyomo kwenye segmenti zilizotumika. Hapo inakuwa inapunguza gharama, gharama haiishi. Leo iko kwenye simu nyingi za Android, kwa hiyo huenda unayo mfukoni bila kujua.

Mpaka hapo ungedhani jibu lilikuwa rahisi. Lakini rudi kwa kile kidhibiti kilichomo ndani ya SSD. Nacho kinaandika mbele, kinatunza ramani, kinasafisha bloku. Nacho ni Mangi. Kwa hiyo ukiweka mfumo wa logi juu ya SSD, una Mangi wawili, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, na hawaongei. Wa juu anahamisha data kusafisha segmenti zake, wa chini anaona ni maandishi mapya na kuhangaika kuyapanga. Wa juu anajua faili limefutwa, wa chini hajui, anaendelea kunakili maiti. Kinachowaunganisha kidogo ni amri ya TRIM, ambayo mfumo wa mafaili unaituma kumwambia kidhibiti kwamba namba hizi na hizi hazina mwenyewe tena. Ubuntu huituma yenyewe mara moja kwa wiki. Bila TRIM, usafi wa juu ni mzigo kwa wa chini.

Ndiyo maana F2FS inang'aa zaidi pale ambapo kidhibiti ni dhaifu, kama kwenye kadi za kumbukumbu na chipu za simu, kuliko kwenye SSD kubwa yenye kidhibiti chenye nguvu. Zetu zilikuwa katikati: SSD kwa jina, za bei ya chini kwa vitendo.

Mwalimu alikuwa na hoja yake, na haikuwa kwenye kitabu chochote nilichosoma. "Mwanangu, wewe wiki nane zikiisha unarudi chuo. Mashine ikigoma mwezi wa kumi, siku tatu kabla ya mtihani, nani ataifungua?" Ni kweli kwamba Windows ya fundi wa mjini haitaifungua F2FS. Itasema diski haijafomatiwa na kumwomba abonyeze fomati. Ext4 nayo Windows haiifungui, lakini mtu yeyote aliyegusa Linux anazijua zana zake za ukarabati, na Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshazitumia. F2FS hata kisakinishi tulichokuwa nacho hakikuiweka kwenye orodha. Ilitakiwa kuandaa patisheni kwa mkono.

Tulibishana siku mbili, chai ya saa nne na chai ya saa nne. Mwisho tukakubaliana hivi. Mashine zote kumi na mbili, patisheni ya mfumo iwe ext4, ili kila mashine iwake kwa njia anayoijua. Mstari wa ukutani, mashine sita, kazi za wanafunzi nazo zikae kwenye ext4. Mstari wa dirishani, sita nyingine, kazi za wanafunzi zikae kwenye F2FS, maana ni mafaili madogo yanayosevuliwa mara nyingi na ndiyo yanayochosha diski. Kwenye kila SSD, kama sehemu ya tano isigawiwe patisheni yoyote, iachwe tupu ili kidhibiti kiwe na uwanja wa kusafishia. TRIM iwashwe kote. Ijumaa kazi zote zinakiliwa kwenye flashi mbili, moja kabatini kwa Mwalimu, moja ofisini kwa mkuu.

Ile sehemu ya tano ilileta maneno. Mjumbe mmoja wa kamati alikuja kukagua, akahesabu GB, akauliza zilizobaki zimekwenda wapi. Na F2FS yenyewe inajitengea nafasi ya kusafishia tangu inapofomatiwa, kwa hiyo mstari wa dirishani ulionekana umepungukiwa zaidi. Mwalimu alimjibu kwa lugha ya kwao: mkulima hapandi mpaka mlangoni, anaacha njia ya toroli. Mzee akaridhika.

Matokeo? Kwa wiki zilizobaki, umeme ulikatika mara nyingi tu kipindi kikiendelea, na mistari yote miwili iliwaka tena bila kupoteza kazi iliyokuwa imesevuliwa. Kwa macho sikuona tofauti ya kasi, na wiki chache hazitoshi kupima uchakavu wa miaka. Tofauti tuliyoiona ilitoka mahali pengine. Vijana walijaza patisheni ya F2FS ya mashine moja ya dirishani kwa muvi za kutafsiriwa, karibu ijae. Wiki hiyo kila aliyekaa pale alilalamika kwamba akisevu kafaili kadogo, mashine inastaki. Ukikumbuka hesabu utajua kwa nini. Muvi ziko hai asilimia mia, segmenti zake hazisafishiki. Mafaili madogo yamebanwa kwenye segmenti chache zilizobaki, zinazungushwa hizohizo. Tulitoa muvi, tukatuma TRIM, mashine ikatulia. Mwalimu, mtu wa haki, akaagiza muvi zilezile ziwekwe kwenye mashine moja ya ukutani tulinganishe. Nayo ilichechemea, ila kidogo kuliko ile.

Kwa hiyo msimamo wangu leo ni huu. Mfumo wa logi kwenye SSD ni chaguo zuri ukiwa na nafasi ya wazi, TRIM inayofanya kazi, na mtu atakayebaki anayejua kuukarabati. Ukikosa moja, ext4 inatosha na utalala usingizi. Na kati ya yote tuliyoyafanya kwenye zile SSD kumi na mbili, naamini lililozisaidia zaidi ni ile sehemu ya tano tuliyoiacha tupu, kwa mfumo wowote uliokuwa juu yake.

Wiki ya saba niliipeleka ile 1/(1 − u) darasani, Kidato cha Nne, mada ya fankisheni. Walichora jedwali: 0.5, 0.8, 0.9, 0.95. Mchoro ukapanda kama mnazi. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, u ikiwa moja?" Nikamwambia ajaribu. Akaandika moja gawanya kwa sifuri, akasimama. Jirani yake akasema kwa sauti, "Si ndiyo ile mashine ya muvi?" Darasa likacheka. Ni somo la Hisabati ambalo sikulazimika kueleza lina faida gani maishani.

Nilipoondoka, Mwalimu aliamua mistari ibaki ilivyo mpaka mtihani upite, kwa sababu mtu habadilishi kitu kinachofanya kazi mtihani ukikaribia. Amri zote za kukagua na kukarabati F2FS alikuwa ameshaziandika kwa mkono wake kwenye kaunta buku, na siku yangu ya mwisho alizirudia zote mbele yangu kwenye mashine ya dirishani, mimi nikiwa nimekaa mikono mapajani. Baada ya mtihani ataamua mwenyewe, na maabara ni yake.

Wenzangu wa ualimu mnaopangiwa shule mwaka huu, mtakuta vyumba kama kile na mtaambiwa nyie ndio mnatoka chuo. Kabla ya kufomati chochote, ulizeni nani anabaki. Na nyie mliobaki hosteli na ripoti zenu, angalieni sasa hivi diski yenu imejaa kiasi gani. Ikiwa imevuka 80%, hamisheni muvi.